Mpishi Asiyeonja Chungu Chake

Sina haja ya kukuelezeni alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Mwenyewe maswali hayo hayapendi. Akiulizwa kwao wapi hujibu, "Kwetu jikoni," na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi Wazanzibari wa London tunamwita Bi Mpishi, na wako waliokula harusi zake miaka nenda miaka rudi bila kujua kama ana jina jingine.

Ukitaka kumjua, mtazame akiwa kazini. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, kanga kiunoni na nyingine kichwani, amesimama mbele ya sufuria unayoweza kumkogeshea mtoto. Sufuria imejaa masala ya biriani, nyama inachemka humo taratibu, na mkono wake umenyoosha kijiko. Lakini kijiko hakiendi kinywani mwake. Kinakuja kinywani mwangu.

"Onja."

Naonja.

"Imekaa?"

"Chumvi imekaa. Ndimu bado."

Anakamua ndimu, anakoroga, ananipa tena. Nikisema imekaa, anazima jiko palepale. Haulizi mara ya pili, haonji hata kwa ncha ya ulimi, na ukumbi mzima wa watu utakula kwa neno langu. Kwa sababu Bi Mpishi hali nyama. Hali kuku, hali samaki, hali yai, hanywi maziwa, hagusi samli, na asali anaiangalia kwa mbali. Na kazi aliyoifanya maisha yake yote ni kupika biriani za watu.

Jinsi alivyonichagua ni hivi. Nilikwenda kumenya vitunguu thomu tu, harusi ya mtoto wa jirani yangu, ukumbi mmoja wa Croydon nyuma ya njia ya tram. Wanawake tulikuwa kama kumi jikoni. Bi Mpishi akapita na bakuli la kachumbari, akampa kila mmoja kijiko na kumuuliza ikoje. Tamu, mashallah. Tamu sana, Bi Mpishi. Mikono yako ina baraka. Alipofika kwangu nikasema pilipili imezidi. Mama yangu akanikata jicho. Bi Mpishi akaweka bakuli chini akasema, "Wewe acha thomu. Njoo huku." Alikuwa ameizidisha makusudi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ya harusi nikawa natoka kwenye ukarani wangu wa wiki nzima nakwenda kuwa ulimi wake.

Nimesema hali yai wala maziwa. Binti yangu, ambaye amezaliwa hapa na Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, aliposikia habari hizi alifurahi mno. "Oh my God, Bibi is vegan?" Bi Mpishi akataka aelezwe neno hilo. Alipoelezwa akauliza kama hao watu wana chama. Akaambiwa wapo wengi, wana maduka yao, na mikahawa yao. "Na wanapika biriani la nyama?" Akaambiwa hapana, haiwezekani. "Basi mimi si mwenzao," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Swali hilo wanawake wa jikoni hawakuacha kumchokoza nalo. Bi Mpishi, kama unawahurumia hawa kuku, mbona unawapika? Yeye naye huuliza, "Mimi nikiacha kupika, nyinyi mtaacha kula?" Wanacheka, wanasema thubutu. "Basi bora wapikwe na mtu anayewaonea haya." Jibu lilikuwa linawanyamazisha, lakini mimi sikuwahi kuridhika nalo, na nadhani hata yeye halikumtosha. Siku moja tuko ndani ya basi tunarudi, sufuria tupu zimetujaa miguuni, akasema bila kuulizwa, "Pale mwanangu mimi nachechemea. Najua."

Alichokuwa akifanya ni kuongeza viazi. Kila mwaka biriani lake lilipata viazi zaidi na nyama pungufu, kidogo kidogo, mtu asigutuke. Waligutuka. Mzee mmoja alisema hadharani kwamba biriani la Bi Mpishi siku hizi nyama unaitafuta kwa tochi. Bi Mpishi akampelekea sahani ya pili mwenyewe kwa heshima zote, na juu yake kiazi kizima.

Kwa nini aliacha? Kila mtu alipewa sababu yake. Daktari aliambiwa ni presha, na akampongeza. Majirani waliambiwa ni meno. Mwalimu wa madrasa ndiye aliyekuja kwa ukali kidogo, kumuuliza kama anaharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Bi Mpishi akamkaribisha chai ya mkandaa, isiyo na maziwa bila shaka, akamuuliza, "Mwalimu, bamia ni halali?"

"Halali, Bi Mpishi."

"Wewe unakula bamia?"

Sasa hakuna mtu asiyejua kwamba mwalimu huyu akiona bamia sahanini huondoka mezani. Akacheka mpaka kofia ikataka kumdondoka. "Halali si faradhi, Mwalimu," akamwambia. "Wewe una bamia yako, mimi nina yangu." Na Idi Kubwa ikifika, Bi Mpishi huyohuyo hutuma pesa Pemba achinjwe mbuzi, wagawiwe wasio na kitu. Nilimshika hapo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kijinga. "Aliyelala njaa simpangii mimi cha kula," akasema.

Mimi sababu nilipewa nyingine, na naamini ndiyo yenyewe. Alikuwa anaosha kuku wa harusi, makasha na makasha, kazi aliyoifanya mara zisizohesabika. Akaona alama ya kahawia kwenye kifundo cha mguu wa kuku mmoja, kama kidonda kilichoungua. Akatazama wa pili, anayo. Wa tatu, anayo. Akamuuliza muuza nyama ni ugonjwa gani. Akaambiwa si ugonjwa, Bibi. Kuku hawa wananeneshwa haraka, miguu haiwabebi, wanashinda wamekaa juu ya uchafu wao na ule uchafu unawaunguza. "Mwanangu," aliniambia, "nyumbani kuku anakukimbiza mpaka unatokwa jasho ndio umle. Huyu hakuwahi hata kusimama." Aliwapika, harusi ikapita, watu wakasifu. Yeye akala wali mkavu na achari, na hakurudi nyuma tena.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa na raha na masharti yake kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alikuwa akiyakatia hukumu papo hapo kama kadhi. Makubadhi ya ngozi aliyonunuliwa na marehemu mumewe, je? Yatavaliwa. "Ng'ombe kashakufa, na mume wangu kashakufa. Nikiyatupa nitakuwa nimewaua mara ya pili." Asali kwa kikohozi? Hapana, tangawizi ipo, na nyuki hakukohoa. Panya jikoni? Anakamatwa mzima, anapelekwa nje, na anaambiwa kwa Kiswahili asirudi. Akirudi mara ya tatu, "huyo katafuta mwenyewe." Dawa za vidonge vya ganda laini alizigeuza mkononi kwa mfamasia, akauliza ganda limetoka kwa mnyama gani. Mfamasia kwa adabu akauliza kama ni sababu za dini. "Mwambie aandike zote mbili," akanituma nimfasirie, "dini na kuku." Lakini ilipoonekana hakuna nyingine, alizimeza. Akasema mgonjwa na mwenye afya hawana sheria moja.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya makonokono. Bi Mpishi ana kipande cha bustani cha kukodi huko Tooting, nyuma ya nyumba za watu, na kila kiangazi anapanda mchicha na maboga kwa ajili ya majani. Makonokono ya hapa yale yasiyo na nyumba mgongoni yanaupenda mchicha kuliko sisi. Mzungu wa bustani ya jirani akampa dawa ya kuyaua, akaikataa. Akawa anayaokota moja moja asubuhi, anayatia kwenye kopo la plastiki, anapanda nayo basi mpaka penye miti, anayaachia. Siku niliyomsindikiza kifuniko kikafunguka tukiwa ghorofa ya juu ya basi. Yalisambaa kwenye viti. Nikapiga magoti na karatasi ya pua mkononi, mimi mtu mzima wa ofisini, naokota konokono kwa amri ya ajuza, na bwana mmoja Mwingereza akainua miguu yote miwili tusipate tabu, akasema "sorry". Bi Mpishi akacheka mpaka akashika mbavu. Wiki iliyofuata mchicha ulikuwa umeliwa wote vilevile. Akasema pengine yanajua njia ya basi.

Manunuzi yake yote aliyafanya kwa Mhindi mmoja hapo Tooting, mtu wa Kampala kwa asili, ambaye Kiswahili chake ni kikavu lakini hakikwami. Naye hali nyama tangu utotoni, Jumapili huenda hekaluni Neasden, lakini maziwa na samli ni roho yake. Hawa wawili walikuwa hawaachani bila kubishana.

"Bibi, maziwa ng'ombe natoa mwenyewe. Hapana kufa."

"Ulimuuliza?"

"Bibi, wewe mkali kuliko mama yangu."

"Na mama yako alikuwa na ng'ombe mmoja, anamjua jina. Wewe unamjua jina huyu wa kwenye chupa?"

Mwenye duka anatikisa kichwa, anamchagulia nazi nzuri, anaitikisa sikioni kwanza asikie maji. Kila Bi Mpishi akitoka mlangoni ananiambia mimi, "Mama huyu nakosesha mimi raha ya chai." Na anacheka, lakini nilimwona siku moja anaweka maziwa kwenye chai huku akitazama mlangoni.

Tabu kubwa ya maisha yake haikuwa vidonge wala konokono. Ilikuwa ni kualikwa. Sisi watu wetu mgeni akikataa chakula ni kama amekutukana mbele ya wanao, na mtu ukimwambia huli nyama anaelewa anavyotaka yeye. "Bi Mpishi, hii haina nyama, ni kuku." "Bi Mpishi, hawa ni dagaa tu, wadogo vile, mnyama gani huyo?" Na lile tulilokuwa tukilicheka zaidi: "Usijali Bi Mpishi, nyama nimeitoa yote, huu ni mchuzi mtupu." Mchuzi umechemka na nyama saa mbili nzima, nyama imeondolewa dakika ile, na mwenyeji anajivunia alivyohangaika. Bi Mpishi alikuwa akitoa kibakuli chake chenye kifuniko mkobani, anakaa pale pale mkekani na wenzake, anasema, "Nimekuja kukuoneni nyinyi, si sufuria." Anakula chake, anamsifu mwenyeji kwa achari. Aibu haikumpata mtu. Lakini hakuwa akila kwa watu.

Isipokuwa kwangu. Hapa ndipo ninapoanza kuona haya.

Mimi kila Ramadhani nilikuwa nikimpelekea mkate wa kumimina. Huu mkate ni mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Hakuna cha mnyama humo. Akiupokea hunitazama, anauliza neno moja tu: "Humu hamna kitu?" Nami najibu, "Hamna kitu, Bi Mpishi." Basi. Anafuturu nao. Aliniambia ndio chakula pekee cha mkono wa mtu mwingine anachokitia kinywani bila kukigeuza kwanza.

Sasa mwaka mmoja niko jikoni na binti yangu nataka ajifunze. Nimeshasaga, mchanganyiko umeumuka, nachukua yai, naligonga, kiini nakiweka pembeni, ute nautia ndani nakoroga. Binti yangu akasema, "Mum, that's an egg."

Nikamwambia, "Si yai. Ute tu."

"Mum."

Naapa sikuwahi kuliona. Mama yangu hutia ute, bibi yangu alitia ute, na ukimuuliza mwanamke yeyote wa kwetu mkate wa kumimina unatiwa nini, atakutajia mchele, nazi, iliki. Ute hautajwi, kama vile hayatajwi maji. Nilikaa kitini. Miaka yote ile, hamna kitu, Bi Mpishi.

Mwaka ule nilipika bila ute. Ukatoka mnene, umelala, hauna vile vitundu. Nikampelekea. Akauliza, nikajibu hamna kitu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Siku ya pili akanipigia simu. "Mwanangu, una lolote linalokusumbua? Mkate wa mwaka huu una huzuni."

Ningesema hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasema hamira ilikuwa mbovu, na Ramadhani iliyofuata nikarudisha ute. Akala, akafurahi, akaniombea dua ndefu. Iliyofuata tena vilevile. Nilijiambia ni kitu kidogo, nilijiambia kumfurahisha mzee ni thawabu, nilijiambia mengi. Lakini kila aliponinyooshea kijiko jikoni na kuniuliza imekaa, na kuzima jiko kwa neno langu, nilikuwa nasikia vibaya.

Kisha akaacha kupika. Alipigwa na homa kali majira ya baridi, alipopona akatangaza kuwa magoti hayawezi tena kusimama ukumbini. Harusi zikachukuliwa na kampuni za kijana huyu na yule, na nyama imerudi kwa wingi kwenye biriani. Mzee wa tochi ana raha. Mimi nikawa nampigia simu, naahidi kwenda, siendi. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na nilijua nitaulizwa lile swali.

Nikaenda Jumamosi moja mchana, mikono mitupu. Anakaa ghorofa ya tatu. Nilimkuta jikoni, amesimama wima kwa magoti yaleyale, choroko za nazi zinachemka.

"Shikamoo, Bi Mpishi."

"Marahaba. Ulipotea wewe. Kaa."

Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, yote: ute, binti yangu, mkate wa huzuni, hamira ya uongo, na Ramadhani mbili nilizotia kwa makusudi. Yeye aliendelea kukoroga. Mwiko ukazunguka, ukazunguka, kisha ukasimama.

"Ya kutojua Mungu hayaandiki, na mimi si mkali kuliko Mungu," akasema. "Nazungumzia hizo mbili. Nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Kwa mdomo wangu?"

"Kwa mdomo wako."

"Yai haliniumi, mwanangu. Yai limeshapita, na huyo kuku tutaonana naye. Kinachoniuma, wale wanawake wote siku ile waliniambia tamu. Wewe peke yako uliniambia pilipili imezidi. Leo na wewe umekuwa wa tamu."

Nililia. Sikuona sababu ya kujificha, nikalia palepale mlangoni na koti langu mwilini. Akaniacha nilie nikamaliza, akanirushia kitambaa cha vyombo.

"Jifute. Na mimi nina langu," akasema. "Magoti yangu mazima. Nimewadanganya. Toka homa ile sinusi wala sionji. Nilikuwa napikia pua, unajua hilo, wewe ulikuwa unamalizia tu. Pua ikafa. Nikitia sukari kinywani naona mchanga. Mpishi gani huyo? Sijamwambia mtu."

"Na hapa unapikaje?"

"Kwa kubahatisha. Jirani wa chini, yule Mwingereza, kila Ijumaa nampelekea bakuli. Kila Ijumaa ananiambia 'lovely'. Lovely, lovely. Nitajuaje mimi kama anakula au anamwaga?"

Akachota choroko kwenye kijiko kilekile kirefu cha harusi, akakipuliza, akaninyooshea.

"Onja. Na leo usinifurahishe."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu. Ilinishika mpaka masikioni. Nikamfikiria yule jirani wa chini, maskini, na bakuli lake la kila Ijumaa. Bi Mpishi alikuwa ananitazama usoni kama alivyonitazama Croydon.

"Imekaa?"

"Imezidi, Bi Mpishi. Hailiki."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake wote ukafunguka. Akachukua kiazi, akakimenya haraka haraka, akakikata vipande vinne akavitumbukiza vinywe chumvi, akaongeza tui. Tukangoja. Akanipa tena, nikasema bado. Akatia kiazi kingine. Akanipa tena, nikasema bado kidogo. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani na Bi Mpishi alikuwa amenishikilia kidevu kwa mkono mmoja ili kijiko kisimwagike, mkono wake una harufu ya nazi.

Mara ya nne nikamwambia imekaa. Akazima jiko.